Asger Bundgaard na Mgonjwa Aliyemtoa Kwenye Kura

Asger Bundgaard alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 karibu na Karup, Jutland, nchini Denmark, mtoto wa tatu wa Kresten na Maren, wakulima wa viazi. Alisoma shule ya kijiji, iliyofungwa kila Oktoba ili watoto wakavune viazi, na alipenda kusema kwamba alijua kuinama kabla ya kujua kusoma. Mwenzake wa tuta moja alikuwa Villads Toft. Walijaza kikapu kimoja, wakagawana mkate mweusi, na tangu hapo wakawa chanda na pete.

Mwaka 1966 alikwenda Aarhus kusomea udaktari, akahitimu 1974. Villads alibaki, akawa seremala. Tarehe 7 Juni 1975 Asger alimwoa Inger Lund, mwalimu wa muziki, Villads akiwa msimamizi wake. Walijaliwa binti mmoja, Gunhild, anayewasomea haya leo kaburini. Inger alitangulia mwaka 2008.

Tangu 1983 hadi alipostaafu 2013, alitibu wagonjwa mahututi katika hospitali ya mkoa. Mgonjwa ambaye maambukizi yamemwenea mwilini na shinikizo la damu limeporomoka hutakiwa kuwekewa dripu upesi. Swali ni dripu gani: maji ya chumvi, au yale yaliyotiwa wanga wa viazi, yaliyosifiwa kwamba hukaa mishipani muda mrefu zaidi. Asger aliuamini wanga. "Viazi vilinisomesha," alitania, "haviwezi kunigeuka."

Mwaka 2010 wodi yake ilishiriki utafiti wa kulinganisha dripu hizo mbili. Kompyuta ilipiga kura kuamua nani apewe ipi, na mfuko ukavishwa plastiki nyeusi asijue mtu una nini. Asger aliwaingiza wagonjwa bila kusita. Kisha tarehe 21 Oktoba, wiki ya likizo ile ya viazi, akaletwa Villads. Kifuko cha nyongo kilikuwa kimepasuka, na mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Nimwingize?" aliuliza Merete, muuguzi wa zamu.

"Huyu hapana."

"Anafaa kabisa, Asger. Mbona wa jana ulimwingiza?"

"Wa jana simjui. Huyu ni Villads. Mpe wanga, basi."

"Haya. Ila ujue umechagua wewe."

Villads alipona, lakini figo zake hazikupona. Mwaka 2012 majibu ya utafiti yalitoka: waliopewa wanga walikufa wengi zaidi, na wengi zaidi kati yao walihitaji mashine ya kusafisha damu. Huenda figo za Villads zingekufa hata kwa maji ya chumvi, kwa kuwa maradhi yenyewe huua figo. Hakuna wa kujua. Asger alichojua ni kwamba kura ingempa rafiki yake nusu ya bahati ya kupata maji ya chumvi, naye alimnyang'anya nusu hiyo kwa sababu alimpenda. Halafu kulikuwa na wale wengine, wagonjwa aliowapa wanga kwa miaka mingi, ambao alishasahau hata majina yao. Hao walimwuma vilevile.

Tangu majibu hayo yatoke, kwa miaka minne, siku tatu kwa wiki, alimwendesha Villads kwenda kwenye mashine. Watu walimsifu, naye sifa zilimchoma. Kila Ijumaa Bodil, mke wa Villads, alimpa keki ya mdalasini iliyofungwa kwa kitambaa cha jikoni. Hakula hata kipande. Aliwamegea kunguru kwenye maegesho ya hospitali, akarudisha kitambaa na kusema ilikuwa tamu. Villads alifariki tarehe 3 Mei 2016 bila kuambiwa. Bodil naye hakuambiwa.

Januari mwaka huu wa 2024 Asger aliugua kichomi, na maambukizi yakamwenea mwilini. Daktari kijana alikuja na mfuko.

"Ni maji gani hayo?" Asger aliuliza.

"Ya chumvi na madini, mzee. Ndiyo tunayoanza nayo."

"Kwa kila mtu?"

"Kila mtu."

Asger alilia. Kesho yake alimsimulia bintiye habari hizi zote, akamwambia, "Uyasome yote kaburini, Gunhild. Usiwapake watu mafuta kwa mgongo wa chupa." Alifariki tarehe 19 Januari, akiwa na miaka sabini na sita.

Gunhild hakutaka Bodil ayasikie haya kwa mara ya kwanza mbele za watu. Jumanne alimwendea nyumbani, akamweleza yote. Bodil alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Keki zangu zote alikuwa anawapa kunguru?"

"Zote."

"Miaka minne. Angeniambia, ningemfukuza, tena siku hiyohiyo. Halafu nani angempeleka Villads?"

Gunhild alimwuliza kama bado ayasome kaburini.

"Soma, mwanangu. Usiruke kitu. Keki nitaleta mimi."

Marehemu ameacha binti, Gunhild, mkwe, Torben, wajukuu wawili, Silje na Anton, dada yake, Karen, na Bodil Toft, ambaye keki yake inatungoja pamoja na kahawa katika ukumbi wa parokia. Bodil ameagiza iliwe yote, isibaki hata chembe ya kunguru.

Pumzika kwa amani, baba, hiyo uliyoshindwa kujipa mwenyewe.