Baruti ya Mlimani, Jua la Makanya

Sogeeni, Faraja na Rubeni, wanangu, mniinulie mto, maana nimewachekesha watu kuanzia Same hadi Botswana nilikobeba bunduki za wageni, na leo nina neno moja lisilochekesha. Nyumba hii ya Mamba ni ya mama yenu; shamba la Kihurio mgawane sawa, isipokuwa upande wa mfereji, huo ni wa mjomba wenu Eliufoo, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niwaite.

Mnajua alipoteza jicho akiwinda nguruwe pori wanaokula mahindi. Mnajua na jina la Matope, eti aliacha tope kwenye mtutu, bunduki ikampasukia. Jina hilo nililitunga mimi, watu wakacheka, likamganda. Tope halikuwapo. Risasi za siku ile nilizijaza baruti kwa mikono hii, hapahapa juu mlimani, asubuhi ya baridi ya kugonganisha meno. Nikaona zinapiga chini ya shabaha, nikaongeza baruti, fundi nisiyeuliza mtu. Tuliposhuka nikaziacha kwenye dashibodi ya gari, mchana kutwa, jua la Makanya kule tambarare. Baruti iliyopata joto huwaka kwa pupa, na presha ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, hupanda kupita chuma kinavyoweza kuvumilia. Na ishara niliziona, wanangu. Nilijaribu moja, bolti, kile chuma kinachofunga chemba, ikakataa kufunguka mpaka nikaigonga kwa kiganja, na fataki inayowasha baruti, kwenye kitako cha ganda la risasi, ilikuwa imebapa kama kizibo cha soda kilichopitiwa na treni. Nikamwambia, "Bunduki ina usingizi tu, shemeji, shika." Akashika.

Tangu niugue, kila Sabato baada ya ibada huja kunisomea Zaburi, kichwa amekiinamisha upande ili jicho lililobaki liione mistari.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilipanga mliandike hili kwenye historia ya marehemu, lisomwe kaburini baada ya pale mtakaposema nilikuwa mcheshi. Jana nikaona huo nao ni ujanja wangu uleule, kwa kuwa maiti haoni haya.

Maji kidogo... Asante, Faraja, mama.

Msiseme tena Matope. Anayelisema, mwambieni alilitunga baba yenu, mwongo. Mungu awape... awape ulimi unaokiri mapema, na watoto wasiowaonea aibu.

Huyo anayebisha hodi ni yeye. Rubeni, mpe mjomba kiti, hapa, karibu, sauti yangu haifiki mbali. Ninyi msitoke. Nataka mnitazame nikimwambia.