Hakuvuka Daraja Lolote

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la saba, akaacha mwaka 1965 ili mdogo wake apate nafasi ya kuendelea. Alijifunza udereva, na vita vilipoanza mwaka 1978 alichukuliwa jeshini kuendesha lori.

Aliporudi aliajiriwa na kiwanda cha mikate, akaendesha gari la kusambaza kwa miaka thelathini na moja. Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi wa wodi ya wazazi. Kila alipokata kona ya mtaa wetu alipiga honi mara moja, fupi, mama akabandika chai.

Mwaka 1989 nyumbani iliingia video. Filamu tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya askari aliyembeba mwenzake mgongoni, akivuka daraja linaloungua. Jumapili moja mchana Baba alisimama mbele ya televisheni akasema, “Vita si hivyo. Lori langu lilikuwa la kubeba maiti. Kuna siku nilimpakia mdogo wangu.”

Kaka yetu mkubwa akamwambia, “Baba, unatuziba.”

Tulicheka. Nami nilicheka. Baba akasogea.

Hakulizungumza tena. Kaka alipopata watoto aliwaambia kwamba yule wa darajani ndiye babu yao. Wakimwomba awasimulie, Baba aliitikia tu, “Ndiyo, lilikuwa linaungua.” Hata rasimu ya wasifu huu ilikuwa na daraja hilo. Nilipolifuta, kaka alisema, “Liache tu. Watu wote wanalijua.”

“Wanaijua filamu,” nikamjibu.

Januari 2022 Baba alipata kiharusi, usemi ukapotea. Ndipo nilipompelekea karatasi na kalamu, nikamwuliza mdogo wake alizikwa wapi. Aliishika kalamu kwa muda mrefu, kisha akanirudishia. Nilikuwa nimechelewa miaka thelathini na mitatu.

Alifariki tarehe 3 Mei 2024, saa nne asubuhi, mama akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa. Ametanguliwa na wazazi wake, na mdogo wake, mwanafunzi wa ualimu aliyefia vitani, ambaye hakuna kati yetu anayelijua kaburi lake.

Mungu ampe Baba msikilizaji, kisha ampe pumziko.