Mtoto Aliyeandikwa Kwamba Hatarajiwi Kuishi

Ndugu zetu, majirani na marafiki, haya anayowasomea mdogo wangu nimeyaandika mimi, mume wa marehemu, kwa kuwa sitaweza kuyasoma mwenyewe mbele yenu. Na nianze kwa kukiri kwamba marehemu aliniagiza nimalizie historia hii kwa kumshukuru Mungu, na hadi jana mchana, kila nilipofika hapo, kalamu iligoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9, 10 au 11 Mei 1958, akiwa mtoto wa saba na wa mwisho wa baba mwashi na mama mkulima. Ninaandika tarehe tatu kwa sababu mimi ni mpima ardhi na siwezi kusema nisichokithibitisha: mama yake alifariki akimzaa, na miaka miwili baada ya ndoa yetu, nilipopekua stoo ya kumbukumbu za hospitali alikozaliwa, nilikuta mstari wake kati ya mtoto wa tarehe 9 na mtoto wa tarehe 11, hauna jina lake wala tarehe, ila chini ya jina la mama yake umeandikwa tu, "Mtoto wa kike, hatarajiwi kuishi." Nilirudi nyumbani nikiogopa kumwonyesha, naye akasoma, akacheka mpaka akakaa chini, akasema, kwa jina la utani alilonipa kwa kazi yangu, "Bwana Futikamba, kumbe walinifuta kabla hawajaniandika! Basi huyo aliyening'ang'ania ananipenda kweli." Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya chai, tulimshukuru Mungu kwa zamu, yeye kwanza, mimi baadaye, na zamu yake haikupita bila neno, "Asante, wewe uliyenitaka."

Alilelewa na shangazi yake, aliyemlisha maziwa kwa kijiko, akabatizwa Jumapili tarehe 7 Desemba 1958, akasoma shule ya msingi kuanzia Januari 1966 hadi Desemba 1972, kisha chuo cha ushonaji kwa miaka miwili, na tarehe 5 Januari 1976 akaajiriwa katika chumba cha kushonea cha hospitali ileile, alikofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2018. Kazi yake kubwa ilikuwa shuka zilizochakaa katikati, ambazo alizipasua kwa urefu, akageuza kingo ambazo bado ni nzima zikutane katikati, akaziunga kwa mshono bapa usiomchoma mgonjwa mgongoni, na kila alipomaliza moja aliitandika mezani akajilaza juu yake kwanza, wenzake wakimpigia kelele, "Amka, mama, wodi imejaa!"

Nilimfahamu huko mwaka 1981, nikiwa nimelazwa na mguu niliovunja kazini, tukafunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Agosti 1983, tukajaliwa binti, tarehe 3 Juni 1986, ambaye ni mwalimu wa chekechea, na mwana, tarehe 19 Novemba 1988, ambaye ni fundi umeme, kisha wajukuu wanne, ambao kila mmoja alinong'onezwa na bibi yake kwamba yeye ndiye kipenzi, asiwaambie wenzake.

Figo zake zilianza kushindwa Februari 2021, na kwa miaka mitatu na miezi minane tulikwenda hospitali asafishwe damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, tukirudi yeye akiwa baridi kama jiwe. Ni mimi niliyeacha zamu yangu. Kila asubuhi alimaliza kushukuru, akaningoja, nami nikanyanyua kikombe. Aliniuliza mara moja tu, "Baba, mbona siku hizi zamu yako inapita?" Nikamjibu, "Nimechoka, mama watoto." Akasema, "Basi mwambie hivyo hivyo. Kwani umesikia anapokea waliolala vizuri tu?" Nami sikumwambia. Alifariki Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, binti yetu akimpaka mafuta miguuni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, hasa muuguzi aliyempashia blanketi moto bila kuombwa, majirani waliotupikia na kutufulia, mafundi wenzake walioshona kitambaa kilichofunika jeneza lake, na wenzangu wa ofisi ya upimaji, waliobeba kazi zangu kwa muda huu wote.

Imebaki zamu yangu. Ee Mungu, nimechoka, na sehemu ya uchovu huu nakulaumu wewe. Lakini niliishi miaka arobaini na moja na mtu aliyejua kwamba anapendwa, ambaye kwa sababu hiyo hakunitaka nimthibitishie thamani yake hata siku moja, wala hakumwonea mtu kijicho, wala hakuogopa kudharauliwa, na nyumba yetu ikawa nyepesi. Nilidhani ni tabia yake tu, kumbe ilitoka kwako. Asante. Kesho sijui kama nitaweza kusema tena, lakini leo nimesema.

Pumzika, mama watoto, amani unayo.