Alama ya Ngolo ya Mwalimu Placidi Ndunguru

Tarehe 5 Oktoba 1961, Placidi Edmund Ndunguru alizaliwa Matiri, Mbinga. Cheti chake cha ubatizo kinathibitisha hivyo. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Edmund na marehemu Mama Stefania, wakulima wa kahawa.

Alisoma shule ya msingi Matiri na sekondari Songea, akahitimu ualimu wa hisabati mwaka 1984. Alifundisha Liuli, halafu Mbamba Bay, hadi alipostaafu mwaka 2021. Kwa kuwa aliondoka nyumbani akiwa mdogo, hakuwahi kulima ngolo, mashimo ya mraba yanayozuia mvua isibebe udongo wa miteremko yetu.

Mwaka 1989 alifunga ndoa na Kunigunda Kapinga, aliyelima ngolo tangu utotoni.

Baada ya kustaafu alianza kuandika kitabu cha hisabati ya miteremko hiyo ya ngolo. Programu ya kompyuta aliyotumia kupanga kurasa haikuwa na alama ya ngolo, akaiunda mwenyewe: mraba wenye nukta katikati. Akaipa jina, ili kila alipoliandika alama itokee. Mkewe Kunigunda alimuuliza kama alama za vitabuni zimekwisha. Akajibu kwamba zimejaa tele, ila yenye shimo haimo.

"Hiyo nukta ni nini, Baba Lidia?"

"Maharage."

"Umeyapanda shimoni? Yataoza. Sisi wanawake hupanda juu ya matuta yanayolizunguka shimo. Nyie wanaume mkishalaza nyasi za kufukiwa matutani mnaondoka, mtajuaje?"

Alicheka hadi akakohoa, kisha akaihamishia nukta kwenye kingo. Alama ikanenepa, mistari ya maandishi ikasukumana, na kitabu kizima kikahitaji kupangwa upya.

Mwaka 2023 figo zilianza kushindwa. Safari za kwenda kusafishwa damu zilimchosha, zikatuchosha sote. Alitaka jambo moja tu, kitabu kimalizike akingali hai. Kila aliporudi alirekebisha ukurasa, akalala. Alifariki nyumbani Mbamba Bay tarehe 11 Februari 2025, sura ya mwisho ikiwa bado haijapangwa.

Ameacha mjane, watoto wawili, Lidia na Joakim, dada yake Tereza, na wajukuu. Watoto wameahidi kukimaliza kitabu. Katika sura hiyo ya mwisho wamekuta alama nyingine aliyoiunda siku zake za mwisho: mraba mtupu, usio na nukta wala maelezo. Walipomwonyesha mama yao, aliitazama, akasema, "Labda ni shamba lililopumzishwa. Au alichoka."

Maana yake haijulikani. Mwenyezi Mungu ampokee Mwalimu Placidi, ampe pumziko la amani.