Ua la Chumbani kwa Mama

"Shoga, ua la mama yako limeshikwa na homa ya manjano?" jirani aliwahi kumuuliza mshona nguo. Tangu hapo hakuwa na raha. Leo alipanda basi amelipakata na chungu chake, analipeleka kwa wauza miche.

Mzee mtunza bustani, jirani yake kitini, hakungoja kuulizwa. "Binti yangu, unalizamisha. Mizizi ikilowa sana, majani hugeuka rangi."

"Ni mara moja tu kwa wiki, baba."

"Wote husema hivyo," alijibu, na abiria wa nyuma, wasio na ua hata moja, wakaafiki. Akachomeka kidole apime unyevu wa udongo. Kikaibua vidonge vyeupe vilivyovimba, vitatu, kisha vingine. "Mbolea gani hii?"

Mshona nguo alivijua. Vilikuwa vidonge vya moyo anavyompa mama yake kila asubuhi, na kila asubuhi mama humwambia, "Nimeshameza, mwanangu." Leo mama alilalamika kifua kinambana, naye akamwambia alale kidogo. Ee Mungu, amemwacha peke yake.

"Usihofu," mzee alisema. "Badilisha udongo, litapona."

Basi liliposimama, mshona nguo alimwachia chungu mapajani, akashuka mbio.