Usingizi Niliouhukumu

Sogeeni, wanangu, nyote watatu, na wewe mkubwa zima hiyo simu, maana sauti niliyobakiwa nayo inatosha kusema mara moja tu. Daktari aliwaambia pale mlangoni akidhani nimelala, nami nilimsikia neno kwa neno. Basi tusidanganyane.

Nyumba hii ni yenu nyote. Ila chumba cha mbele chenye vyerehani, nilichoshonea sare za shule miaka thelathini na moja mpaka mgongo ukapinda, pamoja na kile kijichumba cha nyuma yake, ni vya kitinda mimba wangu. Mkubwa wangu, najua umeshanunua kitasa kipya, na dada yako anajua, na mmekubaliana kwamba nikishazikwa apewe mkoba wake aende zake. Sikukasirika niliposikia. Pikipiki yako aliiuza, pete ya dada yako ikapotea mikononi mwake, na mimi aliniibia vitambaa vya mteja nikalia kama mtoto. Mna haki ya kuwa na donge. Lakini kitasa hicho kirudishe dukani, kwa sababu mimi nilishawahi kumfungia mlango, na leo nawaambia jambo nililowaficha miaka miwili.

Mnakumbuka alipoanza dawa ya kliniki, ile ya maji anayokunywa kila asubuhi mbele ya muuguzi, ili mwili uache kudai unga wa kulevya. Mwezi wa kwanza alikuwa akitokwa na jasho mpaka shati linamganda mgongoni, choo kikawa kigumu akashinda msalani kama aliyehamia humo, na kiuno chake, nilikipima mwenyewe kwa futi, kikaongezeka inchi tatu. Hayo tuliyacheka pamoja, nikamtanulia suruali. Kisha wakamwongezea dozi. Siku mbili baadaye nikamkuta amesinzia kwenye meza ya pasi, kidevu kifuani, mkono wa sare ya mtoto wa watu unaungua.

Miaka sita ya unga ilikuwa imenifundisha kuusoma usingizi ule, au nilidhani hivyo: kope zikiwa nzito, basi ametumia. Nikampekua mifuko, sikupata kitu, nikasema ameficha. Akaniambia, "Mama, ni dawa hii. Twende kliniki ukawaulize."

Kliniki ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, wanangu. Sikwenda. Nilimtoa nje nikafunga komeo, na kadi yake ya kliniki, ambayo bila hiyo hapewi dawa, ikabaki humu ndani, kwenye droo ya nyuzi.

Siku ile hakuwa ametumia. Alitumia siku ya tatu, kule stendi, mwili ulipomshinda kwa kukosa dawa. Nyinyi mkasema mlijua tu, huyo haponi, nami nikawaacha mumseme. Nilipomrudisha kliniki ndipo muuguzi aliponieleza kwamba ule ulikuwa usingizi wa dozi iliyozidi, na kwamba ningewapelekea habari siku ileile wangempunguzia. Nilirudi nikakaa kwenye cherehani mpaka jioni, na nilichoshona siku hiyo nilikifumua chote. Mimi ndiye niliyemrudisha kwenye unga. Nasema mbele ya kaka yako na dada yako: nisamehe, mwanangu.

Usilie. Niache nimalize, pumzi zinaniishia.

Binti yangu, shule unayofundisha iko njia ya kliniki, basi mpitie kila asubuhi. Usimsindikize kama askari na mfungwa, tembea naye tu, mpige soga. Mkiona anasinzia ovyo, au anasema moyo unamwenda mbio, mpelekeni mkawaulize wenyewe, siku hiyohiyo. Msimpunguzie dawa kwa akili zenu, wala yeye asijipunguzie kwa kuwa majirani wanamcheka kitambi. Na akirudia unga kweli, maana anaweza, mlango uwe wazi na kadi iwe mfukoni mwake. Mkasirikieni akiwa ndani.

Mkubwa wangu, nipe mkono. Kaza, siusikii vizuri. Niahidi kwamba hatalala nje ya nyumba hii.

Haya. Nimekusikia. Mungu akuzidishie.

Maji... kidogo tu. Inatosha.

Baraka zangu nawapa nyote sawasawa, hakuna aliyepunjwa. Mpendane hata siku mnazochukiana. Mungu awatangulie mnakokwenda, awape wa kuwafungulia...

Huyu mdogo wenu naye amelala. Tazameni, hapo miguuni pangu. Siku mbili ananigeuza huku na huku hajapumzika. Usimtikise, mkubwa. Mwache.

Nikiondoka kabla hajaamka, asije akajilaumu. Mwambieni mama alimwona amesinzia... na safari hii hakumshuku.