Kikombe cha Ami Rasim

Jumamosi, tarehe 13 Juni, saa nne na robo asubuhi, nilikaa kwenye benchi lililo mbele ya kibanda cha Fikret, fundi viatu wa mtaa wetu pale mjini Travnik. Fikret tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Pembeni yake alikuwa Suljo, dereva mstaafu wa basi, jina lake la utani Breki, na ukingoni kabisa Hamdija, yaani Meya, aliyegombea umeya kila uchaguzi na hajaupata hata mara moja. Redio alimimina kahawa kutoka kwenye jezva, birika dogo la shaba, kila mtu akapewa kipande chake cha sukari cha kuchovya. Kikombe cha mwisho kilikuwa cha Ami Rasim, mdogo wake marehemu baba. Hicho hakikuwekewa sukari. Redio alikifunika kwa kisahani kisipoe, maana mwenyewe alikuwa hajafika.

— Profesa, tuamulie, — Redio akaniambia. Mimi si profesa. Nasomea shahada ya pili ya baiokemia huko Sarajevo. — Rasim sukari ilimwingia kwa hofu, kweli si kweli? Wakati wa vita kombora liliangukia banda lake la kuku, mwezi haujaisha, sukari hiyo hapo!

— Hofu wapi! — Meya akadakia. — Ni upepo. Alilala madirisha mawili wazi, akapigwa mgongoni, kongosho likapoa.

— Kongosho liko mgongoni? — nikauliza.

— Liko karibu.

— Acha hizo, — Breki akasema. — Mimi nimeendesha basi miaka yote dirisha wazi.

— Na wewe si una sukari, Breki? — Meya akauliza.

— Yangu ni ya kula baklava, bwana. Ya heshima.

Nilicheka, kisha nikajaribu kueleza, kwa sababu siwezi kuacha jambo kama hilo lipite.

— Sikilizeni. Ndani ya kongosho kuna seli zinazotengeneza insulini. Fikirieni mama anayekunja mikate ya pita ya nyama jikoni siku ya Idi ya Bajram. Wageni kumi, anakunja vizuri. Sasa damu ikijaa sukari kila siku, ni kama wageni mia wamefurika uani, wote wanadai pita. Anakunja haraka, unga uliokandwa unapasuka, zilizoharibika zinarundikana mezani mpaka hana pa kuweka mkono. Kwanza anapiga kelele asaidiwe. Asiposaidiwa, anafunga jiko. Seli nayo ikielemewa hivyo muda mrefu, inakufa.

— Maskini wa Mungu, — Breki akasema.

Redio akapiga goti lake.

— Si ndiyo hofu hiyo! Sasa mama wa watu anahangaika na pita, halafu wewe kila siku unamchoma sindano. Si utazidi kumtisha?

— Hapana, Redio. Sindano ndiyo msaada wenyewe. Ni jirani anayeingia na sinia la pita zilizoiva.

— Mimi Rasim nilimwambia vingine. Na kanisikiliza. Tangu Jumanne hachomi.

Niliweka kikombe chini.

Nilijua kwamba Jumatatu Ami alikwenda kwa Bi Zumra, mganga wa hofu wa mtaani, kumiminiwa risasi. Mama ndiye aliyemsindikiza. Bi Zumra huyeyusha madini ya risasi kwenye kijiko, akayamimina ndani ya bakuli la maji lililoshikwa juu ya kichwa cha mwenye hofu. Yakiganda na miiba, hofu bado imo. Yakiganda laini, imetoka. Sikuona ubaya wowote. Habari ya kuacha sindano sikuambiwa na mtu.

— Mmemwambia aache insulini?

— Hatukumwambia. Tulimshauri, — Meya akasema.

— Risasi iliganda laini kama yai! — Redio akasema. — Hofu imeondoka, sasa umchome mtu mzima ya nini?

— Na inatoka kweli, — Breki akaongeza. — Usiku kucha yuko chooni. Inatoka na mkojo. Anakunywa maji kama ng'ombe, anajisafisha.

— Kapungua pia, — Redio akasema. — Suruali inamvuka, kijana tena!

— Jana alitapika, — Meya akasema kwa kuridhika. — Mabaki hayo.

Kila dalili ya mtu anayekufa kwa kukosa insulini, wao waliipokea kama habari njema. Nilikuwa nasimama wakati Bi Zumra mwenyewe alipotokea, mkate kwapani, akihema.

— Rasim yuko wapi? Nimegonga mlango, haitikii. Nani kamwona leo?

Redio alimtazama Meya. Meya alikitazama kile kikombe kilichofunikwa.

Tulikimbia. Breki aliusukuma mlango kwa bega. Ami alikuwa sakafuni, ameegemea friji, akivuta pumzi ndefu za haraka kama aliyepanda mlima, na mdomo wake ukinuka matofaa yaliyooza. Ndani ya friji, boksi jipya la insulini lilikuwa halijafunguliwa. Niliita gari la wagonjwa. Bi Zumra alipiga magoti akamshika kichwa.

— Rasim! Mimi nilikwambia uache sindano? Niambie, mimi nilikwambia?

Ami alizidi kuhema, macho yamefumba.

Walipomtoa kwa machela, Breki alinivuta mkono. Kiganjani mwake kulikuwa na kipande cha risasi, laini, kinang'aa.

— Profesa, — akanong'ona. — Na mimi nilimiminiwa Alhamisi. Sijachoma tangu siku hiyo.

Jioni Ami alifumbua macho, akaomba maji. Daktari alisema kama tungekaa benchini mpaka adhuhuri, tungemzika.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda hospitali, niligonga mlango wa Breki na sikuondoka mpaka ukafunguliwa. Alikuwa na fulana ya ndani, nywele zimesimama. Sikumwambia lolote kuhusu seli wala pita. Nilipima sukari yake, nikafungua friji, nikampa sindano yake.

— Unanitazama kama askari wa barabarani, — akasema.

— Choma, ami yangu.

Akainua fulana, akachoma. Alipotaka kuichomoa upesi nilimshika mkono ili dawa iingie yote, akatulia. Kisha nilikata mkate, nikavuta kiti, nikakaa mbele yake mpaka akala.